Kalamu ya hakimu: wakala, mtandao, na hasara ya nibu mbovu

Dada yangu ni hakimu mkazi hapa Tanzania, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuandika. Mifumo ya kompyuta ya kunukuu maneno imeanza kuingia mahakamani, lakini kwake mwenendo wa shauri bado unaandikwa kwa mkono: shahidi anaeleza, wakili anadodosa, hakimu anaandika. Akitoka hapo ana hukumu zinazomsubiri. Peni ya kawaida lazima uikandamize ili kijipira kizunguke na kuacha wino. Kalamu ya wino haidai nguvu hiyo, maana wino unashuka wenyewe mara nibu, yaani ncha yake, inapogusa karatasi. Aliazima ya mwenzake kwa muda, akaona mkono hauchoki vile. Ndipo akaniandikia: "Mdogo wangu, wewe ndiye mwenye wazimu wa kalamu katika ukoo huu. Nina shilingi laki tisa. Niambie ninunue ipi na ninunue wapi, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia."

Njia zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa ukurasa wa mauzo mtandaoni. Muuzaji yuko humuhumu nchini na alikuwa anatangaza Montblanc Meisterstück 149, kalamu ya kifahari ya Kijerumani, pamoja na boksi lake kwa laki tatu na nusu. Ya pili ilikuwa binamu yetu anayefanya kazi Dubai, ambaye alikuwa tayari kuingia duka la wakala, yaani muuzaji anayetambuliwa na mtengenezaji, na kumnunulia Pilot Custom 823, kalamu ya Kijapani. Ya tatu ilikuwa duka la Japani linalotuma kwa posta na kuuza 823 na mdogo wake, Custom 74, kwa bei ya kwao. Ya nne niliiongeza mimi: wakala rasmi wa Marekani anayeuza kwa mtandao, ambaye bei yake iko juu lakini huikagua nibu kabla ya kutuma ukimwomba.

Ile ya laki tatu na nusu

Hii haikustahili muda mrefu. Meisterstück 149 ilitoka mwaka 1952, na ikiwa mpya leo inauzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Bei pekee ilitosha kuifukuza, ila dada alikuwa na hoja kwamba huenda muuzaji "kapata kwa njia zake". Basi nikamwambia aombe picha ya kalamu ikiwa imefunguliwa. Picha ikaja, na ndani ya bomba kulikuwa na konveta, kijibomba cha kuvutia wino kinachochomoka.

Suala likaishia hapo. 149 halisi hujazwa kwa pistoni iliyojengwa ndani ya mwili wake: unazungusha kitako, inavuta wino. Haina konveta. Watu wengi wakitaka kuitambua bandia hukimbilia namba iliyochongwa kwenye pete ya klipu, au neno Pix chini ya klipu, au 750 ya dhahabu kwenye nibu. Alama hizo ni za kweli kwenye kalamu ya kweli, lakini kuchonga herufi ni kazi rahisi kwa mghushi, na wote wanaichonga. Kutengeneza pistoni nzuri ndiko kunakogharimu, kwa hiyo huko ndiko wanakobana matumizi. Angalizo tu: kalamu ndogo ya familia hiyohiyo, 145, hutumia katriji (kijibomba kinachokuja na wino wake) na konveta kihalali. Kipimo hiki ni cha 149 na 146.

Wala sina ugomvi na wanaopenda umbo lile kwa bei ndogo. Jinhao ya China inauza X159, nene na nyeusi vilevile, kwa jina lake yenyewe na kwa dola chache. Hiyo haimdanganyi mtu. Anayedanganya ni yule anayechora nyota nyeupe ya Montblanc juu ya kifuniko na kukuandikia Hamburg, mji wao.

Mpaka hauko pale watu wanapouchora

Swali la dada lilikuja kama linavyokuja kwa wengi: ninunue mtandaoni au kwa wakala? Nilimwomba aliache kwanza, kwa sababu limechanganya mambo mawili. Mawakala wengi wakubwa wa kalamu duniani wanauza hasa kwa mtandao. Goulet Pens wa Virginia na Cult Pens wa Uingereza ni mifano inayojulikana. Upande wa pili, duka lenye kabati la kioo, taa na kiyoyozi linaweza kuwa na kalamu zilizopita njia za pembeni ambazo mtengenezaji hazitambui.

Maswali yanayofaa ni haya. Kalamu ni halisi? Kama ni halisi, huyu anayeniuzia anatambuliwa na mtengenezaji kwa soko langu mimi? Unaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, na hali hiyo ndiyo inayowakuta wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki, wajue wasijue. Kalamu imetoka kiwandani, haina kasoro ya uhalali, hakuna aliyevunja sheria. Imeuzwa tu nje ya nchi iliyopangiwa. Kwa kawaida waranti yake inajibiwa kule iliponunuliwa. Mwakilishi wa nchi nyingine hakuiingiza yeye na hakupata faida yake, kwa hiyo hana sababu ya kuitengeneza bure.

Tofauti ya bei inatoka hukohuko. Custom 74 ilitoka mwaka 1992, mwaka wa 74 tangu Pilot ianzishwe mwaka 1918, na kwa miaka mingi bei yake Japani ilikuwa yen 10,000 kabla ya kodi. Kalamu hiyohiyo Marekani ilikuwa dola 160 na kuendelea. Custom 823 ina siri yake kwenye jina: mwaka wa 82 wa kampuni, yaani 2000, na ile 3 ya mwisho ni bei ya asili, yen 30,000. Bei zote zimepanda tangu hapo, lakini pengo limebaki. Mwakilishi wa nchi ya nje anabeba akiba ya mzigo, mafundi, kalamu za kujaribia na waranti, na kila kimoja kinaingia kwenye bei. Katika masoko kama Marekani, mara nyingi pia mtengenezaji humkataza wakala kutangaza bei iliyo chini ya kiwango fulani, kwa hiyo usitegemee kuona mawakala wawili wa soko moja wakishindana vikali.

Jinsi ya kumjua wakala? Hakimu alielewa haraka kuliko wanunuzi wengi. Nembo ya "muuzaji rasmi" iliyobandikwa kwenye tovuti ya muuzaji si ushahidi wa chochote, kila mtu anaweza kuibandika. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta orodha yake ya mawakala kwa nchi, na kama jina halimo, mwandikie umuulize. Kwenye masoko makubwa ya mtandaoni, angalia jina la anayeuza, si jina la soko. Ukurasa mmoja wenye picha moja unaweza kuwa na wauzaji kadhaa nyuma yake, mmoja wakala na mwingine mtu usiyemjua kabisa.

Hapa nchini dada alipita kwa wauzaji wa vifaa vya ofisi waliokuwa karibu naye. Walikuwa na peni za Pilot za kawaida na za jeli kwa wingi, na kalamu chache za wino za bei ya chini. Nibu ya dhahabu hakuipata. Wakala wa karibu, kwa maana ya wakala ambaye angemsaidia, alikuwa safari ya ndege.

Nibu

Kiini cha shauri kiko hapa, na ndiko nilikomweka dada muda mrefu zaidi.

Nibu ya Custom 74 ni dhahabu ya karati 14. Mwisho wake umechomelewa punje ya metali ngumu, kwa sababu dhahabu tupu ingelika upesi kwenye karatasi. Punje hiyo inapasuliwa katikati kwa kisahani chembamba, ukapatikana mpasuko ambao wino unapita, na meno mawili, moja kila upande. Kisha inasuguliwa mpaka iwe laini. Meno yakipishana hata kidogo ambacho jicho tupu halikioni, kalamu inakwaruza ukielekea upande mmoja na kuteleza ukielekea mwingine. Mpasuko ukibana sana, wino unakauka njiani. Kingo za ndani zikisuguliwa kupita kiasi, wino unasimama juu kidogo ya karatasi, na mstari wa kwanza wa kila neno unakosekana. Kalamu ya bei yoyote, ya kiwanda chochote, inaweza kutoka na mojawapo ya kasoro hizi. Ndogondogo zinarekebishika kwa mkono wenye subira, lenzi ya sonara na karatasi laini ya kung'arishia. Kubwa zinataka fundi.

Wakili mmoja rafiki wa dada yalimkuta. Alinunua kalamu ghali kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo aliyekuwa na bei nzuri kuliko wote, chapa siitaji wala muuzaji. Kalamu ilikuwa halisi, hilo halina ubishi. Akaijaza wino, akaanza kuandika, na kila herufi ya kwanza ikawa nusu. Alipolalamika akajibiwa kwa adabu kwamba bidhaa ikishatiwa wino imetumika, na iliyotumika hairudishwi. Akajibu kwamba bila wino angejuaje? Jibu la pili halikuja.

Nilipomsimulia, dada akauliza sheria ya kule inasemaje. Umoja wa Ulaya na Uingereza zinampa mnunuzi wa mbali siku 14 za kubadili nia, lakini muuzaji anaruhusiwa kukata fedha kama bidhaa imepungua thamani kwa kushikwashikwa zaidi ya inavyohitajika kuikagua. Je, kuitia wino ni kukagua au ni kutumia? Akacheka, akasema hilo lingempa kazi wakili yeyote mzuri kwa asubuhi nzima. Kisha akaongeza kuwa hata ukishinda hoja, unakazia hukumu vipi ukiwa huku na muuzaji yuko kule?

Basi mtego wenyewe ni huo: ubora wa kalamu haujulikani mpaka ichovywe, na ikishachovywa inahesabiwa kuwa imetumika. Mtu fulani lazima abebe hasara ya nibu mbovu. Ukinunua kwa wakala anaibeba yeye, na ile bei ya juu ndiyo malipo yake. Atakuchovyea kalamu mbele yako, au atakupa ya kujaribia. Pelikan na Montblanc wamekuwa hata na utaratibu wa kubadilisha nibu kwa upana mwingine ndani ya wiki chache baada ya kununua kwa wakala, bila malipo, ili mteja aliyekosea kati ya nyembamba na ya wastani asibaki na kalamu isiyomfaa. Ukinunua pembeni unaibeba wewe, na punguzo ulilopata ndiyo fidia yako. Hakuna kati ya hizo mbili iliyo ya kijinga. Ujinga ni kuibeba hasara bila punguzo la maana, au kulipia ulinzi ambao huwezi kuutumia.

Dubai

Nilidhani Dubai ingeshinda. Wakala yupo, duka lipo, mtu wetu yupo, na ndege ni nyingi. Binamu akaenda, akatutumia picha na sauti yake kwa furaha, na hapo mambo mawili yakajitokeza.

La kwanza: duka lilikuwa na 823 yenye nibu ya wastani tu. Wakala anauza kile alichoamua kuagiza, na soko lake linapenda mstari mnene. Custom 74 Japani inapatikana kwa aina zaidi ya kumi za nibu, kuanzia nyembamba sana mpaka pana ya kuandikia anwani. Mawakala wengi wa nje hubakiza tatu. Nibu ya Kijapani tayari ni nyembamba kuliko ya Ulaya kwa jina hilohilo, kwa sababu ya herufi zao zenye mikunjo mingi katika nafasi ndogo. Dada anaandika haraka na kwa herufi ndogo, kwenye karatasi za mahakama ambazo si za kujivunia. Nilikuwa na Kakuno mbili, kalamu za Pilot za watoto zenye nibu ya chuma zilizoanza mwaka 2013 kwa yen 1,000, moja nyembamba na moja ya wastani. Nikampelekea ajaribu kwenye karatasi yake ya kazi. Ya wastani ilitawanya wino pembeni mwa herufi na kutokea upande wa pili. Nyembamba ilisimama vizuri. Nibu ya dhahabu inahisika tofauti na ya chuma, lakini kwa upana wa mstari Kakuno inatosha kukuonyesha njia, na ni kipimo cha bei rahisi kwa mtu asiye na duka karibu.

La pili ni kubwa zaidi. Faida ya duka ni ya mkono ulioingia dukani. Binamu anashika kalamu kwa juu, anailaza, na anaandika herufi kubwa chache kwa siku. Angeweza kugundua kasoro ya wazi. Nilikuwa nimeshamwambia aandike nane nyingi zilizolala, maana umbo hilo linapeleka nibu kila upande, na asikilize mkwaruzo. Lakini angejuaje kama kalamu inamfaa dada? Hata utaratibu wa kubadilisha ungemtaka arudi dukani na kalamu ambayo wakati huo iko Tanzania. Bei ya wakala ingelipwa yote, na huduma ya wakala ingepatikana nusu.

Hesabu

Zilibaki Japani na Marekani. Tulipiga hesabu ya Custom 74 (kwa nini si 823, nitaeleza mbele) kwa bei tulizopewa siku hiyo. Japani, kalamu ilikuwa kama laki mbili na sitini. Posta ya haraka, elfu sabini. Ushuru, VAT ya asilimia 18 na gharama za kutoa mzigo tulizikadiria laki moja na arobaini. Jumla ikakaribia laki nne na sabini. Kwa wakala wa Marekani, kalamu ilikuwa kama laki nne na themanini, usafiri laki moja, kodi na gharama nyingine laki mbili na thelathini. Jumla, laki nane na kumi.

Angalia kodi. Watu hulinganisha bei ya kalamu na bei ya kalamu, wakasahau kwamba ushuru na VAT vinatozwa kwa asilimia, kwa hiyo unalipia kodi hata ile faida ya wakala. Pengo la laki mbili na ishirini kwenye tovuti likawa laki tatu na arobaini mlangoni kwa dada.

Laki tatu na arobaini hiyo ingenunua nini? Ukaguzi wa nibu kabla ya kutumwa, ambao una thamani kweli, na waranti inayojibiwa Marekani. Kuitumia waranti hiyo ungelipa usafiri wenye ufuatiliaji kwenda, na pengine kurudi, karibu laki mbili. Na kalamu ikirudi kutoka kwa fundi, forodhani utahitaji karatasi za kuonyesha ilitoka hapa kwenda kutengenezwa, la sivyo inaweza kuhesabiwa mzigo mpya. Upande wa pili wa mizani, fedha hiyohiyo ni zaidi ya bei ya Custom 74 nyingine nzima kwa bei ya Japani. Ikitokea nibu mbovu isiyorekebishika, dada anaweza kuagiza ya pili na bado asiwe amemzidi sana mteja wa wakala.

Hesabu hii ni ya mtu aliyeko Tanzania. Shemeji yetu anayeishi Texas aliposikia tunaagiza Japani alitaka kufuata, nikamzuia. Kwake kurudisha kalamu kwa wakala ni dola chache na safari ya posta ya mtaani. Tena tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800, kwa hiyo ile nafuu ya zamani ya kuagiza kalamu moja moja kutoka Japani imemegwa. Aliye Ujerumani au Uholanzi naye ana mawakala ndani ya Umoja wa Ulaya, hana forodha, na ana zile siku 14. Huyo aende Japani tu kama anatafuta nibu ambayo Ulaya haiuzwi.

Wino uliochagua kalamu

Dada alikuwa bado anaipenda 823, ile ya rangi ya kahawia inayopenya mwanga. Ni kalamu nzuri mno. Inajazwa kwa fimbo inayosukumwa ndani ya bomba na kuvuta wino kwa nguvu ya utupu, inabeba wino mwingi kuliko konveta, na kitako chake kikifungwa kinaziba njia ya wino, jambo linalofaa sana ndani ya ndege. Kwa mwandishi wa hadithi ningeipitisha bila swali.

Lakini mwenendo wa shauri ni kumbukumbu. Rufaa inaweza kuja baada ya miaka, faili likiwa limepita kwenye unyevu na mikono ya wengi. Wino mzuri wa kupendeza, kama Iroshizuku za Pilot, ukimwagikiwa chai unaondoka. Kwa kumbukumbu unataka wino wenye chumvi za chuma, unaoshika nyuzi za karatasi na kuwa mweusi zaidi baadaye, kama Pelikan 4001 ya buluu-nyeusi au Registrar's Ink ya Diamine, wa aina iliyotumika Uingereza kwa miaka mingi kwenye daftari za vizazi na ndoa. Au unataka wino wa chembe, wenye unga laini wa rangi, kama Carbon Black ya Platinum. Aina zote mbili hazimvumilii mvivu. Ukiziacha zikaukie ndani ya kalamu, utaisafisha kwa machozi.

Hapo 823 ikaanguka. Pilot hawataki uifungue mwenyewe, kwa hiyo kuisafisha ni kuvuta na kusukuma maji mpaka uchoke, na bado kuna pembe zisizofikika. Custom 74 unaifungua, unachomoa konveta yake, unapitisha maji kwa pampu ndogo ya mpira, kazi imekwisha. Kwa wino wa kumbukumbu, ile rahisi ndiyo iliyo bora. Kikwazo kimoja: Pilot wana katriji zao wenyewe, na zile fupi za aina ya kimataifa haziingii. Kwa hiyo ni chupa. Na chupa za wino ni usumbufu kwenye vifurushi vya ndege, baadhi ya maduka hayazitumi kabisa. Binamu wa Dubai, aliyekuwa amenyong'onyea kidogo baada ya kukataliwa kalamu yake, akapata kazi: alileta chupa mbili ndani ya begi la mizigo, zimefungwa kwa mifuko ya plastiki na kuviringishwa kwenye fulana.

Alivyoagiza

Kabla ya kulipa, dada aliliandikia duka la Japani akaomba nibu itazamwe kwa lenzi kabla ya kufungwa. Wakakubali. Duka lisilojibu barua kabla ya kupokea fedha halitajibu baada ya kuzipokea, kwa hiyo barua hiyo ilikuwa pia kipimo cha duka. Alilipa kwa kadi, si kwa kutuma fedha, kwa sababu malipo ya kadi unaweza kuyapinga benki mzigo usipofika. Wakamuuliza thamani ya kuandika kwenye fomu ya forodha. Akasema ile ya kweli. Wapo wanaoomba iandikwe "zawadi" na bei ndogo. Mbali na kwamba hakimu hawezi kufanya hivyo, bima ya mzigo hulipa kile kilichoandikwa, si kile ulichotoa mfukoni.

Kalamu ilipofika tuliitazama nibu kwa lenzi kabla ya tone lolote: meno yako sawa, mpasuko unanyooka mpaka mwisho. Kisha tukaichovya tu, hatukuijaza, akaandika nane zilizolala na jina lake mara kadhaa kwenye karatasi ya mahakama. Ilikuwa sawa. Ndipo ikajazwa.

Katika laki tisa zilibaki zaidi ya nne. Nilimshauri atenge mbili kwa ajili ya fundi au nibu ya akiba, kwa kuwa hana waranti ya karibu na ndiyo bima yake. Amekubali kwa shingo upande, maana ana mpango mwingine: ana likizo, na anataka kwenda Dubai mwenyewe kumtembelea binamu na kuingia dukani kwa miguu yake kuitafuta 823. Safari hii sina pingamizi. Mkono utakaoandika ndio utakaojaribu, na kama atakaa huko wiki mbili, atakuwa na muda wa kuirudisha dukani ikimkataa. Nimempa masharti mawili: wapige simu kwanza kuuliza kama nibu nyembamba imefika, na ile chupa ya Registrar's isiikaribie kalamu hiyo kabisa.